Sadiki ni Mtume wa Ngapi?

Tulikuwa tumetoka kusali Kanuni ya Imani, darasa zima kwa sauti moja, kwa ule mlio wa watoto ambao midomo yao iko kazini na akili zimeshatoka kucheza. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu Sadiki ni mtume wa ngapi?"

Nikamwambia hakuna mtume anayeitwa Sadiki. Akasisitiza. Kila Dominika, alisema, padre akishamaliza kuhubiri watu wote husimama wakamtaja: *na Sadiki, kwa Mungu mmoja, Baba Mwenyezi*. Kama si mtume, mbona anatajwa kabla ya Mungu?

Kilichonishtua ni kwamba darasa halikucheka. Watoto wa umri ule huchekea hata chaki ikikatika, na mwenzao amesema jambo la ajabu namna hii, wametulia wananitazama. Nusu yao walikuwa wakisubiri jibu.

Nikaandika ubaoni *nasadiki*, neno moja, nikaeleza kwamba kusadiki ni kuamini. Siku hizi mtu akikubali maneno ya rafiki yake husema "nakuamini", na kusadiki kumebaki zaidi katika sala, vitabuni na katika majina ya watu. Mvulana akaniangalia kwa huruma kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu aliyekuwa akimtegemea hayupo.

Nikarudi nyumbani nikicheka. Usiku kicheko kikaisha. Watoto wale walikuwa wamefaulu mtihani wangu. Waliijua Nasadiki yote, pamoja na Ponsyo Pilato, bila kuruka mstari, nami nilikuwa nimewapa maksi kamili kwa kumsifu mtu asiyekuwepo.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Niliwagawia karatasi, nikawaambia wachore au waandike wanachokiona akilini wanaposali. Katika Baba Yetu, kwenye "utakalo lifanyike", binti mmoja alichora mji wenye milango mikubwa, akauandika jina: Utakalo. Kishawishi, kwa wengi, kilikuwa shimo. Nilipoona mashimo manne mfululizo nilianza kusikitika, kisha nikafikiri kwamba shimo si jibu baya sana kwa kweli. "Mzao wa tumbo lako" ya Salamu Maria ilikuwa imerukwa na kila mmoja.

Mwalimu akipata aibu ya namna hii hukimbilia upande wa pili, nami nilikimbia. Mwaka uliofuata nikafuta kukariri. Hapakuwa na kusema sala kwa moyo wala majibu ya katekisimu. Tulichora, tuliigiza Msamaria Mwema, tulijadili kwa vikundi. Darasa lilichangamka, wakaguzi walifurahi, nami nikajiona mwalimu wa kisasa. Mtindo wa maswali na majibu nikaubandika jina la kasumba ya zamani. Ni wa zamani kweli: Petro Kanisio alitoa katekisimu yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1555, na kwa karne nne na zaidi watoto Wakatoliki wamefundishwa dini kwa kuulizwa swali na kurudisha jibu kama mwangwi.

Halafu mtoto mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka. Mama yake alikuwa amelazwa, na nyumbani watu wazima walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona. Aliniuliza, "Niombeje?" Nikamwambia, kama nilivyowaambia wote mwaka mzima, aseme na Mungu kwa maneno yake mwenyewe. Akasimama pale. Akasema, "Sina maneno."

Nilikuwa nimemnyang'anya maneno ya wengine, na yake yalikuwa hayajakomaa. Tukasali Salamu Maria pamoja, mimi nikitangulia kipande kwa kipande, yeye akifuata. Alipofika "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu" aliisema polepole kuliko mimi. Sikumweleza lolote. Siku hiyo neno lilimfikia kabla ya maelezo.

Baadaye nilikutana na sehemu ya waraka wa Papa Yohane Paulo II kuhusu katekesi, ule wa Oktoba 1979 unaoitwa *Catechesi Tradendae*, anaposema kwamba maua ya imani na ibada hayaoti katika jangwa la katekesi isiyo na kumbukumbu. Kama ningeusoma kabla ningejiokolea mwaka mmoja, ingawa nadhani ningeusoma nikauona wa kizamani pia. Nikakumbuka na habari inayosimuliwa juu ya padre Yohane Bosco, kule Torino, Italia, tarehe 8 Desemba 1841. Alimkuta kijana Bartolomeo Garelli katika sakristia, ametoka kufukuzwa na mtunza kanisa. Bosco akamuuliza kama anajua kusoma. Hajui. Kuimba? Hajui. Kupiga mluzi? Kijana akatabasamu. Somo la kwanza likaanza baada ya tabasamu hilo, na lilianza kwa Salamu Maria. Mluzi kwanza, kisha sala ya kushika kwa moyo. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na sala bila mluzi; mwaka wa pili nikawa na mluzi mtupu.

Kwa hiyo kukariri kumerudi darasani kwangu, kumepunguzwa sana. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, Kanuni ya Imani, Amri Kumi, Sakramenti Saba, sala ya kutubu. Kila mstari lazima upite mikononi mwa watoto kwanza, waufungue, waulize. Sadiki wetu amekuwa mtu maarufu. Kila mwaka mpya wakubwa huwasimulia wadogo.

Kuna kosa jingine, kubwa kuliko hilo, nalo linanitia haya zaidi kwa kuwa nililifanya nikiamini nawasaidia. Jumatatu asubuhi nilikuwa nauliza nani alikwenda Misa. Mikono yote juu, bila shaka. Basi nikatega mtego ambao walimu wengi wa dini wanaujua: padre alivaa rangi gani? Kwa muda mrefu wa mwaka ni kijani, hakuna ujanja. Kwaresima na Majilio ni zambarau. Lakini Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, na hapo ndipo nilipokuwa nawanasa. Aliyekwenda atasema waridi, aliyebaki kulala atasema zambarau. Nilijisifu kwa mtego huo mbele ya walimu wenzangu.

Mpaka siku moja nilipowahi kufika, nikawakuta getini. Mmoja aliyetoka Misa alikuwa anawagawia wenzake jibu: "Leo waridi, msisahau, waridi." Kwa utaratibu kabisa, mpaka aliyechelewa akanong'onezewa mlangoni. Kitu pekee nilichokuwa nimewafundisha kwa uhakika ni kusema uongo katika kipindi cha dini, tena kwa ushirikiano mzuri.

Shida ilikuwa kwamba nilichanganya kazi mbili. Kanisa lenyewe halizichanganyi. Mwongozo Mkuu wa Katekesi wa mwaka 1997 unasema somo la dini shuleni na katekesi ni vitu viwili tofauti vinavyokamilishana, na barua ya Idara ya Elimu Katoliki ya Vatikani ya Mei 2009 imelirudia jambo hilo waziwazi. Katekesi inamlea mtu katika kuishi imani, ndani ya jumuiya ya waamini, hadi kwenye sakramenti. Somo la dini ni somo. Lina mtaala, lina hoja, lina daftari, na linaweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mtoto anaweza kupata mia kwa mia katika Sakramenti Saba na asiwe na nia ya kupokea hata moja. Mwingine anashindwa kuzitaja saba, lakini akipita mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, anapiga goti kwa namna inayonifanya mimi niangalie pembeni.

Katika darasa langu wamo Wakatoliki, wamo Wakristo wa madhehebu mengine, wamo wasio na dini yoyote nyumbani kwao. Wote wanastahili somo zuri. Hakuna anayestahili kuwindwa. Sheria za Kanisa, kanuni ya 748, zinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kuikubali imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo kama ulinzi wa watu wazima walio mbali. Sikuwa nimefikiria kwamba maksi tano za mahudhurio ya Misa ni kulazimisha pia, kwa kiwango cha mtoto wa miaka kumi. Nikazifuta. Watoto waliokuwa wanakwenda wakaendelea kwenda.

Kazi hizi mbili hukutana, tena mara nyingi, ila wanaozikutanisha ni watoto wenyewe kwa maswali yao.

Dinosaria, kwa mfano, huingia kila mwaka tukianza kitabu cha Mwanzo, na sijawahi kuona kwa nini mwalimu apate jasho. Mwanzo haikuandikwa iwe kitabu cha baiolojia, na aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza katika kitu kimoja kidogo ukatanuka ni padre Mkatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji, katika miaka ya 1920 na 1930. Wakisikia padre, hutulia. Dakika kumi zinatosha.

Utatu Mtakatifu hauishi kwa dakika kumi. Miaka mingi nilitumia mfano wa maji: barafu, maji, mvuke, kitu kimoja hali tatu. Watoto huupenda mno. Kasoro yake ni kwamba si imani ya Kanisa. Maji yaleyale hubadilika yakawa barafu, kisha mvuke, maana yake ni mmoja anayebadilisha sura. Na fundisho hilo la Mungu mmoja anayejitokeza kwa sura tatu ndilo lililohusishwa na Sabelio katika karne ya 3, Kanisa likalikataa. Nilikuwa nafundisha uzushi wa miaka elfu moja na mia nane kwa kutumia birika.

Sasa naandika ubaoni sentensi nne kavu. Baba si Mwana. Mwana si Roho Mtakatifu. Kila mmoja ni Mungu. Mungu ni mmoja. Halafu nawauliza watoto wanitafutie mfano, kisha tunaukagua kwa zile sentensi nne: umevunja ipi? Yai linavunja ya tatu, maana ganda peke yake si yai. Maji yanavunja ya kwanza. Jua, mwanga na joto lake hukaribia, kisha mtu mmoja anauliza kama joto nalo ni jua, tunakwama. Hakuna mfano uliowahi kupona, na hawachoki kujaribu. Mwaka jana walibaki hadi kengele ya mapumziko ikapita. Kwa watoto, fumbo linalohimili mapigo yao lina heshima kuliko lililofungwa na mwalimu kwa kusema "hilo ni fumbo, tuendelee".

Nikichoka kurudia mambo haya mwaka hadi mwaka, nina kitabu kidogo ninachokirudia. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago aliyeitwa Deogratias alimwandikia askofu Augustino wa Hipo akilalamika: anafundisha wanaoanza, anajisikia anachosha, yeye mwenyewe anachoka. Augustino akamjibu kwa kirefu. Anakiri kwamba hata yeye karibu kila mara haridhiki na hotuba yake mwenyewe, kwa sababu wazo humulika akilini mara moja kama umeme, na maneno huja nyuma yakijikokota. Anamwambia ukiona msikilizaji anapiga miayo, mchangamshe kwa jambo la kufurahisha au la kushangaza, au mpe kiti. Mpe kiti! Kati ya ushauri wote wa ualimu niliowahi kupewa katika semina, sijapata ulio wa kweli kama huo. Na kuhusu kurudia: anasema mtu akimtembeza mgeni katika mji mzuri ambao yeye ameuzoea, furaha ya mgeni humrudishia na yeye macho.

Nampenda Augustino kwa barua hiyo. Ndiyo maana kilichofuata kilinigharimu.

Tulikuwa katika Ubatizo. Nilifundisha vizuri, naweza kusema. Nilieleza maji, Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, dhambi ya asili. Nikafika kwenye ubatizo wa dharura: mtu akiwa katika hatari ya kufa na hakuna padre wala shemasi, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa mwenyewe, mradi ana nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, amwage maji na kutamka maneno. Watoto hulipenda somo hili. Hujiona wamekabidhiwa silaha. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hiyo mama angeweza?"

Mdogo wake alizaliwa akaishi saa chache. Hakubatizwa.

Nilichofanya siku ile sijivunii. Nilikuwa na kitabu cha zamani kichwani, nikajibu kwa kitabu: kuna mahali panaitwa limbo, watoto hao hawateseki, wana furaha yao, ila Mungu hawamwoni. Nililisema kwa upole, kana kwamba upole ungebadilisha maudhui. Akaandika *limbo* kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari.

Usiku ule nilifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ambayo ilikuwa rafuni kwangu muda wote huo, nikatafuta neno hilo. Halimo. Kilichomo, namba 1261, ni kwamba Kanisa linawakabidhi watoto waliokufa bila Ubatizo kwa huruma ya Mungu, kama linavyofanya katika ibada ya mazishi yao. Kwamba huruma ya Mungu anayetaka watu wote waokoke, na upendo wa Yesu aliyesema waacheni watoto waje kwangu, vinaturuhusu kutumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwa ajili yao. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilichapisha hati nzima kuhusu tumaini hilo, ikieleza kwamba limbo ilikuwa maoni ya wanateolojia na haikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la lazima la imani. Na asili ya ugumu wote ule? Kwa sehemu kubwa ni Augustino huyohuyo, mtoa viti, aliyeona kwamba watoto hao wanapata adhabu, ingawa iliyo nyepesi kuliko zote. Waliokuja baada yake walibuni limbo ili kumpunguza makali.

Nilimtafuta yule binti kesho yake. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba jana nilijibu vibaya, kwa sababu nililikosea mbele ya darasa. Nikawasomea namba ile. Neno *tumaini* likaleta mjadala: je, ni sawa na kujua? Nikasema si sawa. Kanisa halisemi linajua. Ningependa sana kumwambia "yuko mbinguni, basi", na naona walimu wengi wanaofanya hivyo, na siwalaumu. Lakini mtoto huyo alikuwa ameuliza swali la kweli, nami tayari nilikuwa nimempa uhakika mmoja wa uongo.

Kuhusu mama, nilimwambia kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote: kwamba siku ile mama yake alikuwa na maumivu na hofu, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumwuliza mama swali hilo. Akanikatiza. "Sikumwuliza. Nilikuuliza wewe."

Mama mwenyewe alikuja wiki mbili baadaye, jambo ambalo nililiogopa. Alikuwa na daftari. Alitaka kujua kama ile namba 1261 niliyoiandika pembeni inapatikana katika kitabu anachoweza kukishika yeye mwenyewe. Nikampa changu. Wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, inasema hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, ya Oktoba 28, 1965. Nimeinukuu katika vikao vingi vya wazazi, nikimaanisha wahimizeni watoto wafanye kazi za nyumbani. Kitabu hakijarudi, nami sijakidai.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu hata na Kitubio. Papa Pio X mwaka 1910 alishusha umri wa Komunyo ya kwanza hadi mtoto anapofikia umri wa kutambua, karibu miaka saba, kwa hiyo maungamo ya kwanza nayo huja mapema, na mwalimu anajikuta anawaandaa watoto wadogo sana kwa jambo zito sana. Nafundisha utaratibu, sala ya kutubu, na siri ya kitubio ambayo padre hawezi kuivunja kwa sababu yoyote. Mazoezi tunayafanya kwa dhambi za kubuni. Watoto hubuni dhambi za kutisha. Mmoja aliungama kuiba meli. Za kwao za kweli sitaki kuzisikia wala kuziona zimeandikwa, na niliwahi kuondoka kwenye semina pale mwezeshaji aliposhauri tukusanye karatasi za dhambi "ili kuwasaidia kujieleza".

Mwisho wa mwaka ule nilitunga mtihani. Swali la kwanza, la kuwachangamsha, lilikuwa: *Eleza maana ya neno "Nasadiki". (Maksi 2)*

Nilisahihisha usiku, karatasi moja baada ya nyingine, naamini, naamini, ninaamini. Nikafika kwenye ya mwanafunzi ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono mwaka mzima. Aliandika: "Maana yake ni naamini. Si jina la mtu. Lakini mimi bado."

Nikashika kalamu nyekundu muda mrefu. Nilianza kuandika kitu pembeni, nikakifuta. Mwisho nikaweka alama mbili za vema na kufungua ukurasa uliofuata.